Fulana nzito au nyepesi? Jua uzito wa kitambaa kabla hujanunua

 

Ndugu msomaji, leo tuzungumzie fulana. Huenda ukaona ni jambo dogo kwa safu ya afya, lakini ni nguo chache zinazogusana na ngozi kwa saa nyingi kama hii. Mtoto anaivaa ndani ya sare ya shule na ndani ya kanzu akienda chuoni. Mama anaivaa ndani ya baibui. Baba anashinda nayo kazini, na wapo wanaolala nayo. Katika msimu wa joto, vituo vya afya hupokea watoto wengi wenye harara shingoni, kifuani na mgongoni. Baadhi yao wameshapakwa krimu mbili tatu kutoka duka la dawa, kumbe kilichotakiwa kubadilishwa ni nguo.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 81, Mwenyezi Mungu anayataja mavazi ya kutukinga na joto kuwa ni katika neema zake. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 26, anataja mavazi ya kusitiri tupu na ya kujipamba. Basi nguo ina kazi ya kukinga mwili, kusitiri na kupendezesha. Sisi tukifika Kariakoo au Darajani tunaangalia pambo na bei tu. Kukinga na kusitiri tunakusahau, na hayo mawili yanategemea sana kitambaa chenyewe.

Uzito wa kitambaa ni nini?

Watengenezaji wa nguo hupima kitambaa kwa gramu katika mita moja ya mraba. Yaani ukikata kipande chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 1, kikawekwa kwenye mizani, gramu zitakazosomeka ndizo uzito wa kitambaa hicho. Kwenye lebo au kwenye mfuko wa fulana mpya hipimo hiki huandikwa kwa herufi GSM. Fulana zinazotoka Marekani huweza kuandikwa kwa wakia, kwa herufi oz, katika yadi ya mraba. Hapo zidisha kwa 34 upate gramu. Fulana ya wakia 5 ni sawa na gramu 170 hivi.

Kwa jumla, fulana ya chini ya gramu 150 huhesabiwa kuwa nyepesi. Kati ya 150 na 180 ni ya wastani. Kuanzia 180 kupanda juu ni nzito, na ikifika 200 na zaidi ni nzito hasa. Fulana nyingi za kugawiwa bure kwenye matangazo ya biashara huangukia kundi la kwanza. Ndiyo maana huvutika shingo na kupauka mapema.

Uzito si ubora

Hapa ndipo wengi hukosea. Muuzaji atakwambia, "Hii nzito, ni orijino." Uzito unakueleza kitambaa kiasi gani kimetumika, haukuelezi ni kitambaa gani. Fulana mbili zinaweza kuwa na gramu 160 kila moja, moja ikawa ya pamba na nyingine ya polista, na zikatofautiana kabisa mwilini. Pamba hunywa unyevu. Hata ikiwa kavu kwa kuiangalia, hubeba maji kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake. Polista haifikii hata asilimia 1. Kwa hiyo fulana ya polista iliyoshonwa kwa kushikana, ikikubana, huacha jasho likikaa juu ya ngozi na kukufanya uhisi umefunikwa.

Lakini pamba nayo ina upande wa pili. Ikilowa huchukua muda kukauka, na kadiri ilivyo nzito ndivyo inavyochelewa. Mbeba mizigo wa sokoni mwenye fulana ya pamba ya gramu 220, jua la kaskazi likiwaka, atakuwa amevaa tambara bichi ifikapo adhuhuri. Kwa hiyo nzito si lazima iwe nzuri, wala nyepesi si lazima iwe mbovu. Uliza mambo matatu pamoja: uzito gani, uzi gani, na imefumwaje, kwa kushikana au kwa kuachana.

Yanayoipata ngozi

Harara hutokea pale vifereji vya jasho vinapoziba, jasho likabaki chini ya ngozi na kuleta vipele vidogo vinavyowasha na kuchoma. Watoto wachanga hupata zaidi kwa sababu vifereji vyao bado havijakomaa, na kwa sababu sisi wazazi tunawavalisha mno tukiogopa baridi. Mtoto wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari hahitaji fulana nzito, sweta na shali juu yake. Mshike kifuani au nyuma ya shingo. Akiwa na jasho, punguza nguo.

Dawa ya kwanza ya harara ni kumpoza: mwogeshe maji ya kawaida, mvalishe fulana nyepesi ya pamba isiyobana, mweke penye hewa. Losheni ya kalamaini husaidia muwasho. Vipele vikitoa usaha, mtoto akipata homa, au akiwa ni mchanga sana na hanyonyi vizuri, mpeleke kituo cha afya bila kusubiri.

Jasho linalokaa muda mrefu pia hukaribisha fangasi: mabaka ya kifuani na mgongoni, na choa kwenye makwapa na mapajani. Tahadhari hapa na krimu za mchanganyiko zenye steroidi ndani yake. Hizo hupunguza muwasho kwa siku chache, mtu akadhani amepona, kumbe fangasi anaendelea kuenea na sura ya ugonjwa inabadilika hata kumchanganya tabibu. Usinunue krimu kwa kuelekezwa na jirani.

Wapo pia wenye mzio. Baadhi ya rangi zinazotumika kwenye vitambaa vya polista zinajulikana kuleta mzio wa ngozi, hasa pale nguo inaposuguana na mwili wenye jasho, kama shingoni na kandokando ya makwapa. Ukiona unawashwa kila uvaapo nguo fulani, na ukiiacha unapoa, iache nguo hiyo.

Kundi la kutazamwa kwa jicho la pekee ni ndugu zetu wenye ualbino. Fulana nyeupe nyepesi hupitisha mionzi mingi ya jua, na ikilowa hupitisha zaidi. Hao wanunuliwe zilizofumwa kwa kushikana, za rangi iliyokolea, za mikono mirefu na zisizobana, pamoja na kofia pana. Kwao uzito na ufumaji wa kitambaa ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi.

Sitara katika swala

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, nguo ya kusitiri uchi katika swala ni ile inayozuia rangi ya ngozi isionekane kwa mtu aliye umbali wa kuzungumza nawe. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Kwa hiyo fulana inayoonyesha kifua haibatilishi swala yake, ingawa adabu ni bora. Tatizo lake ni urefu. Fulana nyingi za bei rahisi husinyaa zikifuliwa. Akirukuu au akisujudu inapanda, suruali inashuka, na sehemu ya chini ya kiuno inaonekana kwa walio safu ya nyuma. Vilevile anayevaa kanzu nyepesi juu ya fulana na bukta fupi, mapaja yake huweza kuonekana. Avae saruni au suruali ndani.

Kwa mwanamke, mwili wote isipokuwa uso na viganja unatakiwa kusitirika katika swala. Fulana ya mikono mirefu anayoivaa chini ya mtandio iwe haionyeshi rangi ya ngozi. Lakini akiwa amevaa baibui zito lililomsitiri barabara, sitara imeshapatikana kwa vazi la juu, basi fulana ya ndani na iwe nyepesi ya pamba ili mwili upumue. Hakuna haja ya kujitesa kwa nguo mbili nzito.

Namna ya kupima

Sokoni, ingiza kiganja ndani ya fulana uielekeze penye mwanga. Ukiona rangi ya ngozi na mistari ya vidole, hiyo ni nyepesi au imefumwa kwa kuachana. Halafu ivute kidogo upana na uiachie. Isiporudi mahali pake, haitadumu. Kisha tazama mishono ya ubavuni kama imenyooka. Mshono unaozunguka kuelekea mbele utazidi kupinda ukifua.

Nyumbani, ukiwa na mizani ya jikoni inayosoma gramu, piga hesabu. Mfano fulana ina upana wa sentimita 50 na urefu wa sentimita 70. Zidisha upate 3,500, kisha mara 2 kwa mbele na nyuma, ni 7,000. Mkono mmoja una sentimita 20 kwa 18, ni 360, mara 2 ni 720, na mikono yote miwili ni 1,440. Jumla ni 8,440, gawanya kwa 10,000 upate mita za mraba 0.84. Fulana ikiwa na gramu 130, gawanya kwa 0.84, jibu ni kama 155. Hesabu hii si kamili, kwa kuwa kuna tundu la shingo na mikunjo ya mishono, lakini inatosha kumsaidia mama anayetaka kununua fulana sita za watoto.

Kwa joto la pwani, chukua pamba ya gramu 140 hadi 160. Kwa shule na kazi za kila siku, 160 hadi 180 itavumilia kufuliwa mara kwa mara. Kwa Lushoto, Njombe au Arusha wakati wa kipupwe, 200 inafaa, au vaa mbili nyepesi, kwa kuwa hewa inayobaki katikati hutunza joto. Ongeza saizi moja kwa fulana ya pamba, maana itasinyaa.

Ukishanunua

Fua kabla ya kuvaa, hata kama ni mpya, ili kuondoa vumbi, rangi ya ziada na dawa za kiwandani. Ikiwa ni ya mtumba, ifue kwa maji ya moto na sabuni, ianike juani ikauke kabisa, kisha ipige pasi pande zote mbili. Wadudu wa upele huweza kuishi nje ya mwili siku mbili tatu, na pasi ya moto huwamaliza. Mishono minene ya fulana nzito ndiyo hubaki mibichi wakati sehemu nyingine zimekauka, na nzi wa funza hupenda kutaga kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje. Basi pasi ipite hasa kwenye mishono. Na fulana iliyolowa jasho isivaliwe siku ya pili bila kufuliwa.

Ndugu msomaji, dini yetu imetukataza israfu. Kununua fulana tatu dhaifu kwa mwaka, kisha kununua na krimu za kutibu harara, ni kutumia mara mbili. Wiki hii tazama zilizomo kabatini, zile anazovaa mtoto zaidi, uzipime kwa kiganja na kwa mwanga. Utajua ipi ya kubaki na ipi ifanywe tambara la kudekia.