Mvua ilipopewa bomba lake

Mwishoni mwa miaka ya 1980, taa za barabarani kando ya Mto Mississippi, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul nchini Marekani, zilianza tena kuzingirwa na makundi ya wadudu wa majini waitwao Hexagenia. Wakishaota mabawa huishi siku moja au mbili tu, wakataga mayai na kufa. Mizoga yao hulundikana madarajani hadi magari yakateleza.

Ni kero, lakini wanasayansi waliifurahia. Mabuu ya Hexagenia huchimba mashimo kwenye tope la chini ya mto, na tope likikosa oksijeni hufa. Kwa miongo kadhaa walikuwa wameadimika katika eneo hilo. Kurudi kwao kulimaanisha kwamba mto umeanza kupumua.

Kilichokuwa kimeubana ni majitaka. Mtambo wa kuyasafisha ulikuwapo St. Paul tangu 1938. Kasoro ilibaki kwenye mabomba. Kama miji mingi iliyokua katika karne ya 19, miji hiyo ilikuwa na bomba moja lenye kazi mbili: kubeba majitaka ya vyooni na jikoni, na kumeza maji ya mvua kutoka barabarani. Siku za jua, kila kitu kilifika mtamboni. Mvua kubwa ikinyesha, bomba lilielemewa. Ili uchafu usirudi majumbani, wajenzi walikuwa wameacha matundu ya dharura, na mchanganyiko uliozidi ukamwagikia mtoni.

Mwaka 1985 ilianza kazi ya miaka 10 ya kutenganisha mabomba hayo Minneapolis, St. Paul na South St. Paul. Zilitumika zaidi ya dola milioni 300, na mabomba mapya ya maji ya mvua yakalazwa kwa zaidi ya kilomita 300. Kwa kuwa barabara zilishachimbwa, St. Paul ilitumia nafasi hiyo kuweka lami mpya, taa na miti.

Kazi haikuishia barabarani. Nyumba nyingi zilikuwa na gata za paa zilizounganishwa moja kwa moja na bomba la majitaka. Kila paa moja lililoachwa hivyo lingepeleka mvua palepale ilipofukuzwa. Wenye nyumba wakatakiwa kukata bomba la gata, kuziba tundu lililobaki ardhini, na kuyaelekeza maji bustanini. Ni kazi ya msumeno na kiwiko cha bomba, ila ilibidi ifanywe nyumba kwa nyumba, maelfu kwa maelfu.

Hata hivyo, kutenganisha mabomba kuna gharama isiyosemwa sana. Zamani, mvua ndogo ilipita mtamboni pamoja na majitaka, ikasafishwa. Sasa maji ya mvua huenda mtoni moja kwa moja, na hubeba chochote kilichoko barabarani: oili ya magari, chumvi ya kuyeyusha barafu, kinyesi cha mbwa. Majani ya miti yakioza mtaroni hutoa fosforasi, ambayo hurutubisha mwani kwenye maziwa na mito. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Hamline, kilichopo St. Paul, huendesha mpango ambamo mkazi hujitwalia tundu moja la mtaro na kulifagia mwenyewe.

Somo hilo linatuhusu. Dar es Salaam, mitaro ya mvua na majitaka vinatakiwa kwenda njia tofauti. Lakini mvua ikichachamaa, wapo wanaotapisha vyoo, wakafungulia mashimo yao kwenye mtaro ili mafuriko yabebe. Kwa hiyo tunavichanganya kwa mikono vitu ambavyo wenzetu walitumia miaka 10 kuvitenganisha. Anayefanya hivyo mara nyingi hana bomba la majitaka mtaani kwake, na gari la kunyonya choo ni ghali au halifiki uchochoroni. Faini pekee haitamzuia.

Bajeti ya mitaro ikipangwa, basi iende sambamba na ya unyonyaji wa vyoo kwa bei ambayo mpangaji wa chumba kimoja anaimudu. Bila hivyo, kila mtaro mpya utakaojengwa utakuwa njia fupi zaidi ya kufikisha kinyesi Mto Msimbazi unaopita jijini.