Mzazi asiyejua kusoma anavyoweza kumfaa mwanawe

WAZAZI wengi wa jamii za wafugaji katika Kaunti ya Wajir hawakubahatika kwenda shule, ilhali mtaala wa umilisi, ulioanza nchini mwaka wa 2019, unawataka washiriki masomo ya watoto wao. Kutojua kusoma si kizuizi. Mzazi amtake mtoto asimulie kwa Kisomali aliyofunzwa kwa Kiswahili au Kiingereza; anapokwama, mwalimu aarifiwe. Mbuzi wanaporejea zizini, mtoto awahesabu na kutaja waliopungua: hiyo ni hesabu ya kutoa. La muhimu zaidi ni muda. Msichana anayechota maji hadi magharibi, kisha aende duksi, hubakiwa na usingizi tu. Kaka zake wagawane naye kazi, apate kudurusu kabla ya giza kuingia.