Elimu ya Jinai na Kazi ya Polisi

Siku za kuandikisha askari polisi, vijana hufurika katika viwanja vya Kisumu, Siaya na Homa Bay tangu alfajiri. Hupimwa urefu, hukimbizwa mbio, hata meno yao hutazamwa. Cheti kinachotakiwa ni cha mtihani wa mwisho wa sekondari, na kwa konstebo daraja ya D na alama ya kujumlisha imekuwa ikikubaliwa. Ndiyo maana wazazi wengi huuliza: kuna haja gani kuuza ng'ombe ili kijana akasome elimu ya jinai chuoni, ikiwa kazi yenyewe hupatikana kwa miguu yenye nguvu?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake huonekana vizuri zaidi ufuoni kuliko darasani. Mashine ya mashua huibwa usiku, na mvuvi aliyeinunua kwa mkopo hubaki bila kazi. Polisi humkamata mtu, na mashine huonekana kichakani. Kijijini shauri limekwisha. Mahakamani ndio kwanza linaanza. Hakimu atataka kujua ni nani aliyeiona mashine kwanza, namba yake iliandikwa wapi na saa ngapi, na ilikaa mikononi mwa nani mpaka siku ile ilipoletwa mbele yake. Askari akibabaika, mshtakiwa huachiliwa. Mvuvi naye hurudi nyumbani akisadiki kwamba hakimu amekula rushwa, kumbe shauri liliharibikia pale kichakani, wakati askari watatu walipoibeba mashine ile bila hata mmoja wao kuandika neno.

Kadhalika maungamo. Watu wengi hudhani kwamba mtu akikiri mbele ya askari yatosha. Sheria ya Ushahidi ya Kenya haisemi hivyo. Maungamo hukubaliwa yakitolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo ambaye siye anayelipeleleza shauri lile, naye mshukiwa awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Tena Katiba ya mwaka 2010 yaamuru aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haifanyi kazi. Kipigo cha kituoni, basi, licha ya kuwa ni dhuluma, huharibu ushahidi.

Mambo hayo ndiyo yanayofundishwa katika elimu ya jinai, pamoja na sababu zinazowatia watu katika uhalifu. Kwa watu wa Kisumu chuo kilicho karibu ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Chuo Kikuu cha Egerton pia hufundisha. Mwanafunzi husoma habari za alama za vidole, ambazo polisi wa London walizifungulia ofisi mwaka 1901, mwaka ule ule reli ilipofika Kisumu. Wachache hukumbuka kwamba utaratibu wenyewe ulitengenezwa Bengal, na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo.

Hata hivyo, elimu peke yake haimfanyi mtu kuwa mwadilifu. Mwezi wa Agosti 2017, baada ya uchaguzi, polisi waliingia katika nyumba za watu mjini Kisumu, na katika mtaa wa Nyalenda mtoto wa miezi 6 alipigwa kichwani akafa. Mahakama ya Kisumu ilifanya uchunguzi, na Februari 2019 hakimu akaona kwamba makamanda wa polisi wanastahili kuwajibishwa. Makamanda hao hawakuwa watu wasiojua sheria. Lakini askari wa chini ajuaye kwamba amri isiyo halali haimwokoi mahakamani ana sababu ya kusita kabla ya kuinua rungu.

Wala si polisi tu wanaohitaji elimu hii. Gereza la Kodiaga lahitaji maafisa. Mahakama zahitaji watu wa kuwaangalia wahalifu waliohukumiwa kutumikia jamii badala ya kufungwa, kama sheria ya mwaka 1998 iruhusuvyo. Ziwani kuna walinzi wa pwani, kikosi kilichoanzishwa mwaka 2018. Sehemu ya Kenya katika Ziwa Victoria ni karibu asilimia 6 tu, na mlinzi asiyejua mpaka wa mamlaka yake aweza kuzua ugomvi na Uganda kwa sababu ya kapu la samaki.

Mzazi na aelewe, kabla ya kulipa karo, kwamba digrii haimwondolei kijana mafunzo ya Kiganjo, wala haimwekei nafasi. Wapo askari walioanza kazi kwanza wakasoma baadaye kwa mshahara wao, na njia hiyo ni ya gharama nafuu kwa nyumba isiyo na fedha. Nafasi ikiwa ni ya konstebo, mwenye digrii naye huvua viatu uwanjani akakimbia pamoja na wenzake.