Kumbe Tatizo Lilikuwa Fimbo!

Kwa miezi 6, kila Jumamosi mimi na mume wangu tulikuwa tunarudi kutoka uwanja wa gofu wa Gymkhana, Dar es Salaam, tumenuniana. Yaani kimya mpaka nyumbani! Chanzo? Mpira wangu unakwenda kushoto, na yeye yuko nyuma yangu: "Umeinua kichwa tena!" Jamani, kuna siku nilimwachia fimbo zake pale pale, nikaenda kukaa kwenye gari.

Nasema zake kwa sababu ni zake kweli. Aliponunua seti mpya alinirithisha ile ya zamani. Sasa shosti, mwenzangu ana urefu wa sentimita 188, mimi 157.

Nilishaamua kuacha gofu ndipo tukapata fundi wa kupima fimbo. Habari za kichwa changu hakuuliza kabisa. Alinisimamisha wima, mikono ikining'inia, akapima kutoka kwenye kiwiko cha kiganja hadi sakafuni. Halafu akabandika utepe chini ya kichwa cha fimbo namba 7, akaniambia nipige mipira juu ya ubao. Alama zote zikatokea upande wa kisigino, kule mpini unakoingilia. Maana yake fimbo ni ndefu na imesimama mno kwangu: ncha inanyanyuka, na kwa sisi tunaopiga kwa mkono wa kulia, uso wake unaangalia kushoto. Hata ningepiga vizuri namna gani, mpira ungekwenda huko huko!

"Basi tukate mpini," mume wangu akadakia. Fundi akagoma. Mpini ukikatwa unazidi ugumu, na kichwa unakisikia chepesi mkononi. Na ule ulikuwa wa chuma, mgumu tayari, gramu zaidi ya 100. Mimi nazungusha fimbo taratibu, hivyo akanipa mpini wa grafaiti wa gramu 60 hivi, mfupi, na kichwa akakilaza nyuzi 2. Kanuni zinaruhusu fimbo zisizozidi 14. Mimi akanianzishia 7 tu. Mkoba mwepesi, na pochi nayo ikapumua.

Kichwa bado nainua, siwadanganyi, na hakuna fimbo inayotibu hilo. Ila mpira unakwenda mbele. Jumamosi iliyopita mume wangu alimfuata yule fundi kimya kimya, akachomoa namba 7 yake mpya, akauliza kama ule utepe umebaki kidogo.