Hesabu Ikikataa, Tusikimbilie Kumshika Mtu



Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Msambweni kilifunga hesabu ya mwaka. Kompyuta ilisema sandukuni mnatakiwa kuwa na shilingi 64,500. Zilizohesabiwa mezani zilikuwa 61,200. Basi minong'ono ikaanza: mweka hazina kala pesa! Mama wa watu alikuwa tayari kuuza mbuzi wake alipe.

Tuliomba siku mbili tu za kutafuta. Njia tuliyotumia ndiyo nataka kuwaeleza, maana inafaa kila kikundi.

Je, kompyuta yaweza kukosea?

Kompyuta hufuata maagizo iliyoandikiwa. Maagizo hayo ndiyo programu. Mwandishi wake akikosea, kompyuta italirudia kosa lilelile kila siku bila kuona haya. Wataalamu huliita kosa hilo "mdudu". Wakenya tulilishuhudia katika uchaguzi wa Machi 2013. Kura zilizokataliwa zilionekana kwenye televisheni kupita 300,000. Tume ya uchaguzi ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975.

Mwanafunzi aliyewachunguza mafundi

Mwaka 1979 Mark Weiser alimaliza shahada ya uzamivu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Alitaka kujua: fundi mzoefu akitafuta mdudu katika programu ndefu, kichwani mwake hufanya nini? Majaribio aliyoyachapisha mwaka 1982 yalionyesha kwamba fundi huanza pale kosa lilipojitokeza, kisha hurudi nyuma akiuliza, "Ni mistari gani imeigusa tarakimu hii?" Mingine huiacha kando. Mistari inayobaki Weiser aliiita kipande, na akaonyesha jinsi kompyuta yenyewe inavyoweza kukikata kipande hicho ili kumsaidia fundi.

Akina mama mnaijua kazi hii. Mchuzi ukizidi chumvi, hamuulizi kuni zilitoka wapi wala sufuria ni ya nani. Mnauliza: nani alitia chumvi? Samaki alikuwa ng'onda? Kuna mwingine aliyepita akaongeza? Mnafuata chumvi tu.

Tulivyofanya sisi

Tulianza na ile 64,500. Nini kinaigusa? Akiba, marejesho ya mikopo, na faini za kuchelewa. Orodha ya mahudhurio na namba za simu tukaziacha. Akiba ikalingana na daftari. Mikopo ikalingana. Faini, kumbe! Daftari lilikuwa na 3,300, kompyuta 6,600. Aliyetengeneza ile karatasi ya kompyuta aliiagiza ijumlishe faini zote, na ule mstari wa jumla ya faini ukaingia humo humo. Faini zilihesabiwa mara mbili. Pesa hazikupotea hata senti moja. Mbuzi yuko zizini.

Mfano mchungu

Huko Uingereza hawakutafuta hivyo. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 waliosimamia posta ndogo walihukumiwa kwa makosa kama wizi na udanganyifu wa hesabu, wakati programu iitwayo Horizon ilikuwa na wadudu. Wengine walifungwa, na wengine walikufa kabla ya kusafishwa jina. Mwaka 2024 ndipo Bunge lilipotunga sheria ya kufuta hukumu kwa mamia. Watu hao walisema mapema kwamba hesabu si sahihi, ila mashini iliaminiwa kuliko wao.

Sisemi hakuna wezi wa pesa za vikundi. Wapo. Lakini njia hii humsafisha asiye na kosa, na aliyechukua pia humfichua.

Hesabu ikikataa:

1. Msibadilishe chochote. Wekeni nakala kwanza.
2. Anzeni na tarakimu iliyokataa, mrudi nyuma.
3. Fuateni yale yanayoigusa tu, moja baada ya jingine, mkilinganisha na daftari la mkono.
4. Mkilipata kosa, lirekebisheni, kisha mhesabu upya mbele ya wanachama wote.

Kwa hiyo daftari la mkono lisitupwe hata kama mmenunua kompyuta. Bila daftari lile, tungelinganisha na nini?

Maswali ya kujadiliana kikundini: Nani kwetu anaweza kueleza jinsi jumla yetu inavyopatikana? Na je, tumewahi kumshuku mtu kabla ya kuikagua hesabu yenyewe?