MATUNZO BAADA YA TALAKA

Mume ana wajibu wa kumtunza mkewe. Lazima ampe mahali pa kulala, nguo na chakula, kwa kadiri ya uwezo wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo. Lakini ndoa ikivunjika, je? Wanaume wengine hudhani hawadaiwi kitu tena. Wanawake wengine hudhani watatunzwa maisha yao yote. Wote wamekosea.

Baada ya talaka, matunzo hutegemea amri ya mahakama au mapatano. Hakimu huangalia uwezo wa mtoaji na shida za mwombaji. Huangalia pia nani alisababisha ndoa kuvunjika, na desturi za watu wao. Kwa hiyo mwanamke mwenye shamba la kahawa na duka lake anaweza kunyimwa. Mwanamume mgonjwa, asiyeweza kujitafutia riziki, naye anaweza kumwomba mkewe wa zamani. Wengi hucheka wakisikia hilo, lakini ndiyo sheria.

Mwanamke akiolewa tena, haki yake ya kutunzwa na mume wa kwanza huisha. Kwa Waislamu, mke aliyepewa talaka rejea hutunzwa katika muda wa eda. Mwenye mimba, eda yake huisha anapojifungua.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa. Mke ameolewa kijiji cha pili, na watoto wamemfuata. Baba yao anasema, "Huyo mume mpya awalishe." Hapana, ndugu yangu! Matunzo ya mama ni kitu kimoja, na matunzo ya watoto ni kitu kingine. Mtoto hakuomba talaka. Baba bado anadaiwa chakula chake, nguo zake na daftari zake, hata kama mtoto anaishi kwingine.

Mali nayo ni jambo la tatu. Mama aliyekosa matunzo asifikiri amekosa na sehemu yake ya mali waliyochuma pamoja. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali. Kupika, kuchota maji na kulea vinahesabiwa.

Na wewe uliyeamriwa kulipa, usiache kulipa kwa uamuzi wako mwenyewe. Labda pamba yako imeliwa na wadudu, au umevunjika mguu. Rudi mahakamani ukaeleze. Mahakama ina uwezo wa kupunguza matunzo au kuyafuta. Ukinyamaza, deni linakua.

Kesi za ndoa husikilizwa hata katika Mahakama ya Mwanzo. Kwa kawaida shauri la talaka hupita kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Uendapo, chukua cheti cha ndoa, hati ya talaka kama unayo, na kila karatasi inayoonyesha fedha ulizolipa au kupokea.