Remmy Ongala: Msanii, Bendi na Lugha

Utangulizi

Wapenzi wa muziki wa roki wanaifahamu vyema hadithi ya mwimbaji anayeliacha kundi lililompa jina na kuanza safari ya peke yake. Peter Gabriel wa Uingereza alijitenga na kundi la Genesis mwaka 1975, na mwaka 1977 akatoa sahani yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Katika Afrika ya Mashariki hadithi ya namna hiyo huchukua sura nyingine. Makala haya yanayaangalia maisha ya Remmy Ongala, mzaliwa wa mashariki ya Kongo aliyepatia sifa zake Dar es Salaam, kwa nia ya kujibu swali moja: bendi inapovunjika au inapohama, msanii hubaki na nini?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa wasemaji wa Kiswahili cha Kongo. Katika mtaa wa Saio mjini Bunia, kama ilivyo katika miji mingi ya mashariki ya nchi hiyo, Kiswahili ndicho kiungo cha watu wa makabila mbalimbali. Hata hivyo, asemaye "kitabu yangu" mahali pa "kitabu changu" huambiwa mara kwa mara kwamba lugha yake ni mbovu, na kwamba Kiswahili chenyewe kiko pwani. Maisha ya Ongala yanaitia hukumu hiyo mashakani.

Kutoka Kindu hadi Dar es Salaam

Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 katika eneo la Kindu, Maniema. Kiswahili kilifika huko katika karne ya 19 kwa misafara ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, akiwamo Tippu Tip wa Unguja, kikazaa lahaja iitwayo Kingwana. Ongala alipenda kusimulia kwamba alizaliwa na meno mawili, dalili ambayo kwao ilichukuliwa kuwa ni ya mganga. Ndiyo asili ya jina lake la "Dokta". Alikuwa yatima angali kijana, na muziki ukawa riziki yake. Alipiga ngoma na gitaa, akazunguka na bendi za Kikongo hadi Uganda na Kenya.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi iliyoongozwa na mjomba wake, Mzee Makassy. Hivyo lugha iliyotoka pwani kwa misafara ilirejea pwani kwa gitaa.

Bendi na mwenye vyombo

Ili kuielewa hatua iliyofuata, hapana budi kuutazama mfumo wa muziki wa dansi nchini Tanzania wakati huo. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Nyingine zilikuwa za watu binafsi wenye uwezo wa kununua vyombo. Katika hali zote mbili mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Magitaa, vipaza sauti na hata jina la bendi havikuwa vyake, na alipohama aliviacha nyuma.

Kwa sababu hiyo, kujitenga hakukuwa na maana ya kuimba peke yako, bali kuingia katika bendi nyingine au kuunda mpya. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, aliunda Super Volcano, akaendelea kupendwa hadi alipofariki kwa ajali ya barabarani nchini Kenya mwaka 1979. Ongala naye alipatwa na mtihani kama huo mwanzoni mwa miaka ya 1980, Orchestra Makassy ilipohamia Nairobi. Yeye alibaki Dar es Salaam, akajiunga na Orchestra Matimila, iliyopewa jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania. Chini ya uongozi wake bendi hiyo ikaja kuitwa Super Matimila, na jina lake likatangulia la bendi katika vinywa vya wapenzi.

Lugha ya mnyonge

Mtaji wa Ongala ulikuwa maneno. Muziki wake aliuita "ubongo", kwa kuwa aliukusudia uifikie akili ya msikilizaji kabla ya miguu yake. Maudhui ya tungo zake ni umaskini, mauti, mapenzi na haki, kama majina ya nyimbo "Sauti ya Mnyonge" na "Kifo" yanavyodhihirisha.

Mfano ulio maarufu zaidi ni "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza matumizi ya mipira ya kondomu wakati Ukimwi ulipokuwa ukienea. Kifani, neno "soksi" ni tasfida: limechukuliwa katika vazi la kila siku ili kustiri jambo la aibu. Lakini tasfida hii ilieleweka na kila mtu, na Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo. Hata hivyo ulienea mitaani. Mahali ambapo lugha rasmi ilisita, lugha ya ukumbi wa dansi ilisema.

Mwaka 1988 Super Matimila ilizuru Ulaya na WOMAD, tamasha ambalo Peter Gabriel alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Sahani mbili zilifuata katika lebo ya Real World: "Songs for the Poor Man" mwaka 1989 na "Mambo" mwaka 1992. Katika hiyo ya pili baadhi ya nyimbo ziliimbwa kwa Kiingereza. Hadhira iliongezeka, lakini aliyeitwa mtetezi wa wanyonge aliitwa hivyo kwa yale aliyoyasema kwa Kiswahili.

Hitimisho

Katika miaka yake ya mwisho Ongala aliugua, akaokoka na kugeukia nyimbo za Injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kituo cha basi karibu na nyumba yake huko Sinza kiliitwa na wananchi "Sinza kwa Remmy".

Yaelekea basi kwamba jibu la swali la mwanzo ni hili: vyombo vilikuwa na mwenyewe, bendi ilikuwa na mwenyewe, ila lugha haikuwa na mwenyewe. Mtoto wa Kindu aliitumia bila kuomba ruhusa, na pwani ikamsikiliza. Kwa mwanafunzi wa Bunia anayeona haya kufungua kinywa mbele ya wasemaji wa Kiswahili sanifu, huo ni ushahidi wa kutosha kwamba Kiswahili sanifu kinafaa kujifunzwa, lakini haki ya kusema haianzi siku ya kukihitimu.